Nyaya Nilizozikata Mlimani

Kwako Sauti ya Matogoro,

Shikamoo dada. Najua hapo umeshacheka, maana jina hilo la Sauti nilikupa mimi siku ulipoita mbuzi wako ukiwa jikoni, akaitika mtu kule Mshangano. Hamjambo nyumbani? Miguu ya mama inaendeleaje na baridi hii ya Juni? Na mbolea mlipata, au bado mnazunguka kwenye maduka ya watu binafsi?

Mimi ni mzima. Nimetimiza miezi minane juu ya mlima wa kisiwa hiki cha ughaibuni, na tangu ile simu ya Pasaka sijaongea Kiswahili na mtu zaidi ya salamu. Naongea na masanduku. Kabla sijafungua moja nasema hodi, halafu nangoja kidogo. Usimwambie mama.

Uliuliza kazi yenyewe ni nini, maana watu wa jumuiya ya kanisa wanasema nalinda ghala. Silindi ghala, dada. Mbali kabisa angani kuna nyota zilizolipuka, zinatupa mwanga wenye nguvu kupita kiasi ambao macho hayauoni. Wanauita gama. Ukifika kwenye hewa yetu unapasuka vipande, vipande vinapasua vingine, mpaka chini inashuka mvua ya chembe, pana kuliko shamba letu lote. Sisi tumetandaza masanduku mlimani kuikinga. Ndani ya kila sanduku kuna bamba la plastiki. Chembe ikipita linatoa mwanga mdogo, na waya unapeleka habari kwenye kibanda cha kompyuta.

Sasa sikia utamu wake. Mvua ikitoka upande wa Ruhuwiko kwa baba mdogo, si bati lake linaanza kulia kabla ya letu? Ndivyo hivyo hivyo. Tunaangalia sanduku lipi limegongwa kwanza, tunajua imetoka upande gani wa mbingu. Nilipoelewa hilo sikukaa chini siku nzima. Nilitafuta wa kumweleza, nikakosa. Wenzangu wanalijua tangu shule, wakaniangalia kama mtu anayetangaza kwamba maji ni maji.

Isipokuwa Matias. Huyu ni mwanafunzi, anaandika kitabu chake cha udaktari, si ule wa hospitali, kwa masanduku haya haya, na ndiye anayekula meza moja na mimi. Nilimfundisha salamu, sasa kila asubuhi ananipigia shikamoo. Nikamwambia, "Umenizidi miaka, mimi ndiye nikuamkie." Akasema, "Lakini wewe ndiye mkubwa wa masanduku."

Basi dada, nimemharibia.

Wiki tano zilizopita mkubwa wa kituo alinituma nibadilishe plagi zilizoota kutu. Nikafika kwenye masanduku sita yaliyo karibu na kibanda, nikakuta kila moja limerundikiwa waya mwingi umezungushwa kama nyoka, umelowa theluji. Unanijua. Fundi wa Songea anaachaje waya mzima uoze? Nikakata kilichozidi, nikafunga plagi mpya, kazi safi mpaka nikajisifu. Vipande nikavikunja nikaviweka chini ya kitanda, nije navyo nyumbani tuvute antena ya redio yako. Sikumwuliza mtu. Nilitaka waone kwamba hata aliyejifunza kwa kufungua redio mbovu kwenye karakana ya misheni anajua.

Jana mchana mezani mkubwa alimwambia Matias, "Siku zote mvua nyingi zinatoka juu ya utosi. Zako zote zimeinama upande mmoja. Anga halijahama, kijana. Kilichohama ni hesabu zako."

"Nimezirudia mara nne."

"Rudia ya tano. Au tutupe vipimo vya wiki hizi zote, uanze upya."

"Nikianza upya chuo hakinisubiri."

Mkubwa akanigeukia. "Egno, masanduku yako salama?"

Nikasema yako salama, na saa ile niliamini hivyo.

Mkubwa alipoondoka mezani, Matias akanichorea kwenye karatasi ya mkate, kunieleza tu, maana anajua napenda. Akasema waya zote zimekatwa urefu mmoja, hata ya sanduku lililo mlangoni mwa kibanda, ili habari zote zitembee muda sawa. Inayozidi inazungushwa pembeni. Nikaweka mkate chini. Kwa waya niliofupisha, habari za masanduku yangu sita zimekuwa zinawahi, zinadanganya kwamba yamegongwa kwanza.

Nikamwuliza, kama mtu anayeuliza tu, "Je, mtu akikata moja?"

"Akisema kakata kiasi gani na lini, narekebisha kwa jioni moja. Asiposema, sitajua hata pa kuanzia."

Akaendelea kula. Hakuniangalia.

Kwa hiyo dawa ya kazi yake iko chini ya kitanda changu: vile vipande vinaonyesha nimekata kiasi gani. Lakini Ijumaa mkubwa anaamua kama mkataba wangu unaendelea, na wakija kuvichukua wataona waya wa kituo umefichwa chumbani kwa Mwafrika pekee wa mlima huu. Nani ataamini habari ya antena? Na yule bruda wa misheni aliyeniombea nafasi hii ataambiwa nini? Jana nilimbishia hodi Matias mara mbili, akafungua, nikaomba chumvi. Chumvi ninayo.

Mwamkie mama. Wasalimie baba mdogo, yule fundi cherehani wa Ruhuwiko, na shangazi Skolastika wa kwaya, waambie nipo. Hii ya waya ibaki kwako.

Gari linateremka leo Jumanne kuchukua mkate, nampa dereva barua hii. Itakufikia baada ya majuma matatu, nitakuwa nimeshaamua, na nitaamua bila mtu wa kushauriana naye. Lakini niambie tu, nijue: ungekuwa wewe, na mlango wake uko hatua kumi na mbili kutoka wako, ungefanyaje?

Mdogo wako,
Egno