Mume Wangu Amenuna Kwa Sababu Farasi Wetu Ameshinda

Bi. Maxine mpendwa, pole na kazi ya kusoma shida za watu kila wiki, leo nimekuletea yangu na nakuomba usinicheke kabla hujafika mwisho, maana hata mimi nikiisema kwa sauti naona haya. Mimi ni mke wa mkufunzi wa farasi hapa Kaunti ya Bourbon, mume wangu anaitwa Arlis, tumekodi mabanda machache nyuma ya ule uwanja mdogo wa mbio, si ule mkubwa wa akina mama wenye kofia za maua, huu wetu wa watu wenye matope kwenye buti, na shida yangu ni kwamba naota farasi watakaoshindwa.

Naam, watakaoshindwa. Wa kushinda sijawahi kumwota hata mmoja.

Ilianza nikiwa msichana na haijaacha, siku ya mbio nikishakula mchana najinyoosha kwenye kitanda cha turubai katika chumba cha matandiko, kuna harufu ya ngozi na ya dawa ya kuchua miguu, nzi analialia dirishani, macho yanakuwa mazito, na ndoto inakuja ile ile, uwanja umefunikwa na ukungu mweupe, farasi wanaingia ndani yake bila kishindo, kwato hazisikiki kabisa, nyasi zina rangi ya samawati na zinapumua polepole, mimi nimesimama getini, halafu mmoja anageuka. Anarudi taratibu, hana haraka wala huzuni, ananiwekea paji la uso begani, tunapumua pamoja mimi na yeye, na hapo naamka machozi yananitoka lakini moyo mtamu, nakwambia kweli Bi. Maxine, utamu ule sijaupata kwingine.

Nikiamka nampikia huyo niliyemwota uji wa pumba na kijiko cha molasi, kwa sababu najua atarudi amechoka na hakuna atakayemtazama. Arlis hakuwahi kuniuliza, unajua watu wa farasi hawatamki kushindwa kabla ya mbio, yeye hupita tu, anaona sufuria inatoa mvuke, anaelewa, kisha namsikia nje akimwambia Efraín, kijana anayetupandia farasi, "Leo kiboko weka kando, nirudishie mnyama mzima." Ndivyo tulivyokuwa tunapendana mimi na mume wangu, bila maneno mengi, na mimi nilitosheka.

Sasa ukaja huu mswada. Mpaka leo hapa kwetu pesa za kubeti zinaingia kwenye chungu kimoja, uwanja unakata chake, waliompata mshindi wanagawana, na farasi akishindwa hakuna anayemfurahia. Hilo soko la mtandaoni wanalotaka wabunge wa jimbo letu kule Frankfort walihalalishe ni la mtu na mtu, kwenye simu, huyu anasema farasi fulani atashinda, yule anapokea dau lake anasema hashindi ng'o, kwa hiyo mtu anaweza kula kwa farasi kushindwa. Aliyelileta mezani kwetu ni mdogo wangu Delmer, tunakula maharage na mkate wa mahindi, mara akaweka kijiko chini akanikodolea macho.

"Dada, miaka yote hii umelalia mali."

"Nimelalia turubai," nikamwambia, "na mgongo unaniuma."

"Cheka tu. Sheria ikipita, wewe kazi yako kusinzia, mimi kazi yangu kubonyeza simu."

Arlis akapiga meza mpaka vikombe vikaruka. "Delmer, chakula changu kula, upuuzi wako rudi nao kwako. Siku kushindwa kutakapokuwa na bei, mkufunzi gani ataaminiwa?"

Ee Bi. Maxine, nilimwona mrefu siku hiyo! Akaenda hadi Frankfort na wakufunzi wenzake kuupinga mswada, amevaa tai yake ya mazishi, na mimi nikampungia mkono barabarani mpaka gari likapotea. Lakini alirudi tai ikiwa mfukoni. Akaniambia wamesikiliza pande zote, kwamba vijana wameviacha viwanja vya farasi, wanabeti mpira kwenye simu, kwamba viwanja vidogo kama chetu bila kitu kipya vitageuzwa maghala, na kwamba sheria yenyewe itawakataza wenye farasi na wakufunzi kubeti dhidi ya farasi wao wenyewe.

"Na wake zao?" nikauliza.

"Wake hawajatajwa," akasema, akageukia dirisha. "Wala mashemeji."

Toka siku hiyo ananiuliza. Nikiamka tu namkuta kwenye kiti pembeni, kofia magotini, "Umelala vizuri, mpenzi? Umemwona nani?" Mara ya kwanza niliposikia swali hilo nilijisikia kama nimefunguliwa mlango nikiwa bafuni, lakini ni mume wangu, nikamjibu, nikamwambia Opal. Opal ni farasi jike wa Mama Haskell, mwalimu mstaafu, mjane, hana farasi mwingine, na Opal hakuwahi kushinda. Na Arlis akatabasamu. Nimemwona akilaani farasi wetu akishindwa, nimemwona akimwomba Mungu, nimemwona akikaa kimya siku nzima, lakini kutabasamu, hapana, hiyo ilikuwa mpya. Akasema nisiwe na wasiwasi, hakuna senti inayochezwa, sheria bado, yeye na Delmer wanapima tu kama ndoto zangu zinafanya kazi.

Na Opal akashinda!

Ungekuwepo Bi. Maxine. Alikaa nyuma ya wote mpaka kona ya mwisho, nikaona Efraín amelala shingoni mwake anamnong'oneza, kisha wenzake wakawa kama wamesimama na yeye peke yake ndiye anayekwenda, anaelea, hata vumbi halimgusi, sikusikia makelele ya watu mpaka alipokwisha kupita. Mama Haskell alitupa mkoba wake hewani. Tukaingia kwenye uwanja wa washindi kupigwa picha, yeye analia, mimi nalia, mpiga picha anauliza, "Mkufunzi yuko wapi jamani?" na mimi nazungusha macho, namwona Arlis kule mbali ameegemea ua, mikono mfukoni, amenuna. Nikamwita kwa mkono. Hakuja. Picha imetoka bila yeye, Mama Haskell ameitundika sebuleni kwake. Tulipokutana bandani akasema, "Umeniharibia," na mpaka leo sijui alikuwa anamwambia nani, mimi au farasi.

Tangu hapo ndoto imebadilika. Ukungu unakuja, nyasi zinapumua, farasi wote wanaingia na hakuna anayegeuka, anayerudi ni Arlis na kofia yake, anatembea polepole kuja kwangu, na kabla hajanifikia ninaamka, naye yuko pale pale kwenye kiti, "Umemwona nani?" namwambia sijaona mtu. Ameninunulia mto mpya wa manyoya ili nilale vizuri. Jumatano ijayo kamati ya wabunge inasikiliza wananchi tena na safari hii anakwenda kuuunga mkono mswada. Nimdanganye kwamba ndoto zimekwisha, au nimwambie ninayemwona, au ninyamaze nimfuate kama mke? Nampenda sana mwanamume huyu. Naogopa kumkosa na bado yumo ndani ya nyumba.

Mimi, Mlala Mchana
Kaunti ya Bourbon

*

Mlala Mchana, binti yangu,

Uliniomba nisicheke, nikacheka, kisha nikafika kwenye ile picha nikaacha. Tuanze na la kuchekesha tulimalize. Katika mbio zenu wanatoka farasi wangapi, wanane, tisa? Anashinda mmoja, waliobaki wote wanashindwa. Paka wangu akilala juu ya gazeti na unyayo wake ukaangukia jina lolote, karibu kila mara atakuwa amemtaja wa kushindwa. Wewe si mtabiri, mama. Wewe unawahurumia wanaoshindwa, na huruma yako inalala mchana ikaota. Ni kitu kizuri mno hicho na sitaki ukipoteze, lakini hakibetiwi. Mweleze Delmer hesabu hiyo taratibu, ukimwona anaanza kuelewa mwambie pia atafute kazi.

Sasa mswada. Watu wananiandikia nikiri kwamba ni kazi ya shetani. Sikiri. Uingereza wanafanya hivyo kila siku na farasi hawajaacha kukimbia. Hapa kwetu Marekani, jimbo moja la mashariki lilifungua soko la namna hiyo, wateja hawakutosha, likafungwa. Jingine la magharibi lilipitisha sheria, sheria ikalala usingizi mzito kuliko wako. Viwanja vinaogopa kupoteza fungu lao, wafugaji wanaogopa ya kwao, kwa hiyo Frankfort wanaweza kuupitisha mwaka huu, au kuuzungusha mpaka wajukuu wako waote meno. Mumeo hajapata hata senti moja kwenye soko ambalo halipo, na tayari limeshamkosesha picha ya farasi wake. Hasara hiyo haimo kwenye mswada wowote.

Asimame upande anaoutaka, hilo ni haki yake, na hoja ya viwanja vidogo kufa si ya kipuuzi, hata mimi inaniuma. Mtazamaji wa jukwaani akisema farasi wa mtu asiyemjua hatashinda, sioni dhambi kubwa kuliko ya jirani yake anayesema atashinda. Lakini anayemlisha farasi, anayemkagua miguu, aliyekabidhiwa mnyama wa mjane, akianza kumwombea ashindwe, amekwisha kuacha kazi yake hata kama bado anashika hatamu. Sheria inaweza kumkataza kubeti. Kumkataza kutabasamu haiwezi, hapo umebaki wewe.

Na wewe usijifanye malaika. Jina la Opal nani alilitoa? Ulipoona lile tabasamu ulifanya nini, ulipika uji! Mwanamume kakwambia "umeniharibia" mbele ya farasi aliyeshinda, na wewe umekaa nalo, unamdanganya kila ukiamka kwamba hujaona mtu. Ndoto hiyo ya Arlis haina uaguzi wowote, ni macho yako ya mchana yanakwambia ulichokwisha kukiona. Unamkosa kwa sababu mnaogopana, na kunyamaza zaidi hakutamrudisha. Kule kutosema kwenu kwa zamani kulikuwa kuzuri kwa sababu wote wawili mlitaka kitu kimoja. Leo hamtaki kitu kimoja, kwa hiyo fungua mdomo.

Fanya hivi. Mto rudisha dukani. Leo hii, chakula kikiwa mezani na Delmer hayupo, mwambie mumeo, "Ninayemwota ni wewe," umweleze yote mpaka mwisho, usilie katikati akapata nafasi ya kukubembeleza badala ya kukujibu. Muulize alikuwa wapi wakati wa picha, na usimsaidie kutafuta jibu. Akipandisha sauti mwache apandishe, meza yenu imezoea.

Jumatano panda naye gari moja mwende Frankfort. Akimaliza kuunga mkono, andikisha jina lako na wewe usimame. Usipinge wala usiunge. Waambie hivi tu: mimi ni mke wa mkufunzi, naomba sheria hii ikipita iwataje wake na mashemeji kati ya wanaokatazwa kubeti, na wa kwanza kuandikwa niwe mimi. Sema jina lako kamili, si hili la Mlala Mchana, useme mumeo akiwa amekaa pale anakusikia. Atakasirika, pengine mtarudi njia nzima redio ikizungumza peke yake. Lakini kuanzia hapo hatakuwa na sababu ya kukungoja kwenye kile kiti, na utaweza kulala bila mtu kuchungulia.

Kisha Opal akipangiwa mbio tena, siku hiyo kabla hamjamfunga tandiko, muulize Arlis swali moja: "Unataka ashinde?" Msikilize vizuri. Akikujibu ndiyo papo hapo, mfungeni tandiko mwende. Akifikiri kwanza, nenda ofisi ya uwanja ukamwondoe farasi kwenye mbio, na Mama Haskell mweleze mwenyewe sababu, uso kwa uso. Mnyama huyo hajamkosea mtu, na asikimbie siku ambayo mwenye kumshika hatamu hajui anamtaka mbele au nyuma.

Bi. Maxine