Nafasi Yangu ya Uuguzi

Nakuru, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na wote mlio katika nyumba ile mpya. Je, kikohozi kimepungua? Paa limeacha kuvuja? Mimi ni mzima, na leo nina habari njema, ingawa zilikaribia kuwa mbaya.

Ulitaka niwe mwalimu, nami nilitaka hivyo hivyo. Lakini chuo kilidai barua ya chifu wa kwetu. Chifu wa huko rizavu, eneo la watu wetu mlikohamishiwa, alijibu kwamba hanijui, na ni kweli, maana nilizaliwa Molo, katika shamba lile la mzungu mlikofukuzwa. Nililia siku mbili. Kama shule ingefungwa nami sina nafasi popote, pasi yangu ya kukaa mjini ingekwisha na ningeondolewa Nakuru. Ndipo mwalimu wangu akanipeleka hospitali, wanakofundisha wasichana uuguzi na ripoti ya shule inatosha.

Sista, yule mzungu mkuu wa wodi ya watoto, alinipa kitabu nisome, nikasoma bila kukwama. Kisha akaniambia nihesabu watoto waliolala. Mama, unajua ulivyonilea. Nilihesabu kimoyomoyo, nikajibu, "Tisa waliojaa."

"Tisa? Wako kumi. Muuguzi anayesahau mtoto hatumtaki hapa."

Nilikuwa nimeshageuka kuondoka, Mama Njoki anayefua nguo za wodi akasema, "Sista, hajasahau mtu. Kwetu watu hawahesabiwi kumi kwa mdomo, tunaogopa watakufa; tunasema tisa waliojaa. Huyu amelelewa vizuri, ila maneno anayameza."

Sista hakucheka. Alinipa penseli na karatasi. Nikajiambia kuandika si kutamka, nikaandika 10. Akaitazama, akauliza kama naweza kumwandikia hivyo kila asubuhi. Nikasema naweza.

Nimekubaliwa, Mama. Nitaanza nikimaliza darasa la nane, na hospitali ndiyo itakayoniombea pasi mpya. Nisamehe kwa ule ualimu. Sasa nasoma kitabu cha mwili wa binadamu, na kusema kweli sitaki kukiweka chini.

Nisalimie Cucu, nyanya yetu, na mdogo wangu Kamau, umwambie asiache shule, na shangazi anayekusaidia kuteka maji.

Jana nilifungua furushi nililokuwa nimelifunga nikidhani nitaondolewa mjini, nikatundika gauni langu ukutani.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Wanjiru