Mkono wa Kusindikiza

Mjukuu wangu Mwanahamisi,

Nakuomba, ukishaisoma barua hii uichane, asijue mtu hata mama yako. Mimi ni karani wa wakili, na mambo ya kesi hayatolewi nje. Hapa Kinondo sote tu wazima, isipokuwa bibi yako.

Umeniuliza kwa nini yeye, dada yangu, anaelekea kupewa fidia ndogo, ilhali ile chanjo ya mafua aliyodungwa kabla ya kwenda Umra ilimharibu bega.

Nilikuwapo alipohojiwa, nikiandika kwa niaba ya wakili. Daktari wa kampuni ya bima alimuuliza, "Mama, mkono huu wa kushoto ulikuwa ukiufanyia nini?"

"Nini tena, mwanangu? Kula nakula kwa wa kulia. Huu ni wa kusindikiza tu."

Wanaume wote tukacheka. Daktari akaandika kwamba madhara ni madogo. Nami najua kuwa mama yako huingia naye chooni kila mara kumsafisha. Dada aliona haya kulitaja mbele yangu, nduguye mdogo. Mimi niliona haya kulitaja mbele yake. Hata sasa naandika uso ukinichoma.

Alhamisi ataulizwa kwa mara ya mwisho. Mbembeleze akubali kuulizwa na mwanamke, mimi nikiwa nje.

Akikubali, usipige simu ofisini. Niandikie kwenye simu yangu, "Shikamoo babu," basi. Kwa kuwa mimi ni babu yako kwa ukoo tu, na mimi nawe tumepishana miaka michache, hujapata kuniamkia hivyo ila kwa mzaha. Safari hii nitaipokea.

Babu yako,
Juma