Karatasi ya Mguu Wako

Kwa Fundi Viatu,
Chumba cha nyuma, mlango wa bluu.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Kabla sijasema lolote, niambie kwanza: u mzima? Kile kifua kilichokuwa kikikubana asubuhi za baridi kimekuachia? Unakula ukashiba, au bado unakula umesimama kama mtu anayefukuzwa? Mimi sijambo. Baba hajambo, ila macho yake sasa yanataka mwanga zaidi, kwa hiyo amesogeza meza ya kazi hadi mlangoni. Shangazi hajambo, na mdomo wake pia haujambo.

Usishangae kupata barua ya karatasi. Namba yako ya zamani kila nikiipiga naambiwa haipatikani. Mtandaoni nimekutafuta kwa jina lako na kwa majina yako yote ya utani, nikapata watu wengine tu. Anwani hii nimeitoa nyuma ya bahasha uliyompelekea Shangazi mwaka juzi. Alikuwa ameificha kabatini, chini ya vikombe vya wageni. Alinipa akasema, "Mimi sijakupa kitu, na wewe hujapokea kitu." Basi, Kaka, sijapokea kitu, nami ninakuandikia.

Nitakueleza habari kwa mpangilio, kama Mwalimu wa lugha anavyotufundisha, ingawa kuna moja nzito na ningependa kuitua haraka.

Kazi ilipungua sana. Ng'ambo ya barabara limefunguliwa duka la viatu vya plastiki, na siku hizi kiatu kikimpasukia mtu hukitupa akavuka barabara. Kuna siku Baba alishinda akinoa kisu ambacho tayari kilikuwa kikali.

Stuli yako bado ipo upande wa kulia wa meza. Tangu siku ile wewe na Baba mlipogombana, wewe ukisema unaenda kiwandani kubandika soli kwa mashine, naye akasema anayebandika kwa gundi asirudi kushika sindano yake, jina lako halijatajwa katika chumba hiki. Ni miaka mitano sasa. Nilikuwa na miaka tisa. Lakini mteja akitaka kuikalia ile stuli, Baba humwambia ina mguu mbovu. Mimi huifagilia chini kila siku, na najua miguu yake yote mitatu ni mizima.

Basi Shangazi akanipa simu yake ya zamani, yenye kioo kilichopasuka, nikafungua ukurasa wa banda letu ili watu watukumbuke. Chapisho la kwanza niliandika hivi: "Karibuni kwa Fundi Viatu! Kazi bora! Huduma ya haraka!" Lilipendwa na watu watatu: mimi, Shangazi, na Shangazi tena kwa simu yake nyingine.

Nikalinakili daftarini nikampelekea Mwalimu. Alilisoma, akavua miwani. "Binti, wewe ungemtumia rafiki yako maneno haya?" Nikasema hapana. "Basi yeye amtumie nani? Watu hawagawani matangazo. Hugawana kitu kilichowagusa, wakataka kimguse na mwingine. Nenda ukatafute kitu kilicho kwenu tu."

Kitu hicho kilikuwa juu ya kichwa changu miaka yote: rafu ya viatu visivyochukuliwa. Baba hajabadilika. Hauzi kiatu cha mtu hata kikikaa miaka kumi. Kila Jumamosi huvishusha, akavipangusa vumbi, akavipaka rangi, akavirudisha. Wakimwambia aviuze hujibu, "Vina miguu yake." Na unakumbuka anavyokisoma kiatu: hukigeuza soli juu, akakitazama kama sisi tunavyotazama ukurasa wa kitabu.

Nilianza na vile vyeusi vya kike, kisigino cha kushoto kimelika. Baba alivigeuza akasema, "Huyu hubeba mtoto upande wa kushoto, na huwa na haraka." Niliandika hivyohivyo, sikuongeza chumvi. Picha niliipiga mlangoni asubuhi, soli ikielekea kwenye mwanga. Mwisho nikauliza, "Unamjua anayetembea hivi?" Nikaacha hapo.

Kaka, ilikuwa kama kuangusha shanga sakafuni. Watu waliwatumia dada zao, majirani zao, wenzao wa kazini. Siku ya nne akaingia muuguzi, bado amevaa sare. Alisema mwenzake wa zamu alimtumia ile picha pamoja na neno moja tu: "Wewe." Alikuwa ameviacha miaka mitatu. Yule mtoto sasa yuko darasa la kwanza. Baba alimkabidhi viatu vinavyong'aa, akamwambia, "Umechelewa kidogo," na wote wawili wakacheka. Nilikuwa sijasikia Baba akicheka tangu sijui lini.

Nikaendelea, jozi moja kila wiki. Niligundua kwamba ukisema yote, msomaji hana la kusema. Ukiuliza swali ambalo jibu lake ni mtu, atamtafuta huyo mtu. Mara moja niliandika mzaha juu ya kiatu kikubwa mno, nikasema mwenyewe akikosa beseni anaweza kuogea humo. Chapisho hilo lilisambaa kuliko yote ya mwezi ule. Jioni Baba akauliza kama kawaida yake, "Leo wamesema nini?" Nikashindwa kumsomea. Nikalifuta lile chapisho, na tangu hapo sichapishi neno ambalo siwezi kumsomea Baba.

Sasa ukurasa una wafuasi elfu sita. Wananiita "Kaka Admin". Nadhani wananiona nina ndevu. Kazi imeongezeka, tunamshukuru Mungu. Lakini nikitoka shule nyumbani husikika nyundo tu, nayo hunyamaza Baba akichoka. Watu elfu sita wanasoma maneno yangu, na hakuna anayejua kwamba muhula huu nimekuwa wa pili darasani, wala kwamba bado naogopa radi. Wewe ulijua kuhusu radi. Siku nyingine nasoma maoni yao kwa sauti ili ndani pasikike kama pana watu.

Sasa ile nzito.

Mwezi uliopita Baba alikwenda kununua ngozi. Mimi nilipanda stuli, yaani stuli yako, unisamehe, nikatafuta jozi ya wiki ile. Mwisho kabisa wa rafu, nyuma ya maboksi, nikakuta mfuko wa kitambaa. Ndani mlikuwa na viatu vya kahawia vya kiume, vimeshonwa soli mishono miwili kwa mkono. Sijaona kazi nzuri kama ile. Nilivigeuza. Soli haikuwa na hata mkwaruzo. Mwenyewe hakuwahi kuvivaa.

Nilipaswa kumsubiri Baba avisome. Sikusubiri. Nilivisoma mwenyewe, nikaandika: "Soli hii haijawahi kukanyaga ardhi. Mwenye viatu aliondoka kabla havijawa tayari. Nani anamjua mtu aliyeondoka bila viatu vyake?"

Kabla ya saa sita mchana watu elfu moja walikuwa wamelisambaza. Wengi hawakuandika habari za viatu. Waliandika habari za watoto wao, wajomba zao, rafiki waliokwenda wasirudi. Mimi nilikuwa nikiruka peke yangu chumbani kwa furaha. Niliona nimekuwa mwandishi.

Saa tisa akaja dereva wa lori, mtu mzima, mpole. Alisema miaka mingi nyuma aliacha viatu vya kahawia kwa fundi mmoja upande huu akasafiri, na picha ile imemkumbusha. Nikamwambia ajaribu. Kile kijiko chetu cha kuvalia viatu nikamletea mimi mwenyewe. Mguu ukaingia sawasawa. Akanishukuru mpaka nikaona haya, akaondoka navyo miguuni. Nami nikachapisha, "Vimempata mwenyewe!"

Baba alirudi na ngozi begani. Jambo la kwanza alitazama juu.

"Mfuko uko wapi?"

"Mwenye viatu amekuja, Baba. Mguu umeingia."

"Mguu wowote wa arobaini na mbili utaingia," akasema. Akaweka ngozi chini polepole, akaketi, akashika nyundo, asigonge kitu.

Hakunigombeza, Kaka. Laiti angenigombeza. Alikaa hivyo mpaka nikakimbilia kwa Shangazi, naye aliposikia akaangusha mwiko. "Wewe mtoto! Umegawa viatu vya kaka yako!" Ndipo akanieleza. Ni vile vyako vyeusi vilivyopasuka, ambavyo uliviacha ukaondoka na raba. Baba alivifumua wiki ileile. Akabadilisha ngozi ya juu, akavipaka rangi ya kahawia, akashona soli mpya, akamaliza, akaviweka tayari. Kila Jumamosi mimi nikienda kufua, huvitoa akavipaka rangi, akavirudisha nyuma ya maboksi. Shangazi alijua. Mimi niliyefagia chini ya rafu ile miaka mitano sikujua.

Usiku ule niliandika chapisho la kuvirudisha. Nililiandika kwa ustadi wote nilioupata: mwanzo wa kushtua, picha, swali la mwisho. Nilipolisoma kimoyomoyo kama ningemsomea Baba, niliona aibu. Nikafuta lote, nikaandika: "Nimekosea. Viatu vya kahawia ni vya kaka yangu, na Baba ndiye aliyemtengenezea. Mzee uliyevichukua, tafadhali virudishe. Mimi si Kaka Admin. Mimi ni binti wa fundi."

Lilisambazwa na watu arobaini na mmoja tu. Nilihesabu kila asubuhi kabla ya shule. Siku tano. Baba hakuuliza tena, "Leo wamesema nini?"

Siku ya sita dereva akaja, amevifunga kwa gazeti. Kati ya wale arobaini na mmoja alikuwamo binti wa mpwa wake. Alisimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa. "Fundi, nisamehe. Nilivitaka viwe vyangu, basi nikaamini ni vyangu. Nimetembea navyo siku mbili."

Baba alivipokea, akavigeuza. Soli zilikuwa na mikwaruzo. Alizipitishia kidole gumba. Kisha akasema, "Vinatembeaje?"

"Kama sijavaa kitu," dereva akajibu.

Baba akatikisa kichwa kukubali. Halafu, Kaka, akaivuta stuli yako akamwambia mgeni aketi ili amkagulie viatu alivyokuja navyo, maana vilikuwa vinacheka mbele. Dereva akauliza, "Siku ile binti aliniambia ina mguu mbovu?" Baba akamjibu, "Imepona."

Viatu vyako havijarudi kwenye mfuko. Viko juu ya meza, mahali ambapo kila anayeingia anaviona. Wateja wakiuliza, Baba huwaambia ni vya kijana wake. Anasema hivyo bila kuinua uso, lakini anasema.

Leo asubuhi nilimwambia kwamba ninakuandikia. Nilimwambia kweli yote, hata ya vikombe vya wageni, kwa hiyo Shangazi ataninunia. Aliendelea kushona mishono kama minne hivi. Kisha akasema, "Muulize mguu wake kama bado ni arobaini na mbili. Watu wanaosimama siku nzima kiwandani, mguu hupanuka." Akakata karatasi ngumu ya kahawia kwa kisu chake, akaikunja mara mbili, akanipa.

Ndiyo hiyo iliyomo kwenye bahasha hii. Unajua namna yake: iweke sakafuni, simama juu yake kwa uzito wako wote, zungushia kalamu bila kuilaza. Kama maneno ni mazito, usiandike lolote. Chora mguu tu, uurudishe. Baba ataujua. Kama umepanuka atavifumua tena, na kama uko vilevile vinakungoja. Nimemuuliza kama avitume kwa posta, akasema kiatu hujaribiwa mbele ya fundi.

Habari hii sitaiweka ukurasani. Naona ingesambaa sana, lakini ni ya mtu mmoja, na huyo hayuko mtandaoni.

Shangazi anakusalimu, ingawa kwa leo hajui kwamba anakusalimu. Mwalimu wa lugha anauliza kama bado unaandika "r" yako kama mdudu. Dereva wa lori hakujui, lakini aliniomba nikuombee radhi kwa siku zile mbili. Mungu akulinde unaposimama kwenye mashine yako na unapolala, akuepushe na ajali, na akuelekezee miguu yako nyumbani, iwe ya namba yoyote.

Mdogo wako akupendaye, anayeangalia sanduku la barua kila atokapo shule,

Kijiko.

(Bado navalia viatu kwa kijiko cha chai. Baba amekata tamaa.)