Msimu Mmoja Zaidi wa Mpunga

Kisangani, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Habari za huko Kindu? Goti lako limepoa? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila nikisikia mtu sokoni anaongea kama sisi wa Maniema, nasimama kumsikiliza hadi aondoke.

Nilikuahidi kuja kazi ya mpunga ikiisha. Tunajaribu mbegu mpya kwa wakulima upande wa Banalia. Kila shamba tuligawa sehemu mbili, mbegu mpya na ya zamani, tukapiga kura ipi ikae wapi, tusipendelee yoyote. Juzi tulimaliza kupima mavuno. Mbegu mpya imeshinda kidogo, lakini kwenye mashamba ya bondeni haieleweki: huku imezaa, kule imeoza.

Papa Célestin, mkuu wetu, aliniuliza mimi, maana hesabu ni zangu: "Bon, tuwape watu mbegu sasa, ao tungoje musimu ingine?"

Asubuhi ileile mdogo wangu Furaha alikuwa amenipigia simu. Alisema macho yako yamezidi kufifia, siku hizi unamjua mtu kwa sauti. Mama, nilitamani kusema tuwape, nifunge mizigo. Hesabu zingeniruhusu.

Lakini hesabu peke yake haiamui. Lazima uulize pia: tukikosea, nani ataumia, na kiasi gani? Tukichelewesha mbegu nzuri, wakulima watakosa magunia machache. Tukiwapa mbaya, mama wa bondeni asiye na shamba lingine atakosa chakula cha mwaka mzima. Makosa hayo hayana uzito mmoja. Nikaona pia kwamba kilichokuwa kinanisukuma si mpunga, ni hamu ya kukuona.

Nikamwambia, "Papa, tungoje. Musimu moja tena, bondeni tu."

Akanitazama. "Na congé yako, ruhusa ya kwenda kwa mama?"

"Nayo itangoja."

Alikubali. Nilienda nyuma ya ghala nikalia, kisha nikarudi kupiga kura za mashamba mapya. Mavuno ni baada ya miezi minne.

Nisalimie tonton Amisi, kaka yako, na jirani anayekuchotea maji. Furaha, asante kwa kumsomea Mama. Katika bahasha kuna picha yangu; nimenyoa nywele. Mkalishe nje penye mwanga, umpe mkononi, usimharakishe. Aitazame sasa.

Mwanao anayekukumbuka kila siku,
Zaina