Uzi wa Buluu Mkiani

Bergen, 20 Mei 1452

Dada yangu mkubwa Taleke,

Shikamoo. Mimi mzima, ila goti, nalo umeshalizoea. Wewe na nyumba yako hamjambo?

Kwa heshima na taadhima nakutangazia tukio kuu la mwaka huu hapa gatini: paka wetu amejifungua watoto watano ndani ya kofia yangu ya manyoya. Mama na wana wanaendelea vizuri. Kofia haikupona.

Huko Lübeck kuna jipya?

Mdogo wako, upara wazi,
Evert

Lübeck, 11 Juni

Mdogo wangu Evert,

Marahaba. Hatujambo. Pole kwa kofia, hongera kwa paka.

Jipya lipo, wala halichekeshi. Tangu tumzike mume wangu Marquard, shemeji Tideke anaitaka chapa yake, ile nanga na nyota ya mapipani. Bila chapa hakuna nahodha atakayenipakilia mzigo. Miaka ishirini ya jasho langu imekwenda. Amewaambia wazee wa wafanyabiashara, "Mwanamke anajua samaki akishafika chunguni tu!" Nikamwambia, "Na wewe shemeji unamjua akishafika sahanini."

Basi wameamua nijaribiwe sokoni. Wameagiza nyumba yenu ya biashara huko Bergen ilete samaki wakavu kumi: watano wazuri, watano wasiokauka ndani. Nitawatenganisha, kisha wapasuliwe mbele ya watu. Nikikosea mmoja tu, chapa ni ya Tideke.

Usinisaidie, Evert. Nakujua.

Dada yako,
Taleke

Bergen, 2 Julai

Dada Taleke,

Shikamoo. Goti bado. Mvua pia bado.

Nimekusaidia. Usifoke! Wale watano wazuri nimewafunga uzi wa buluu mkiani, mwembamba kama unywele. Miaka ishirini na sita nashika samaki hawa, dada. Niamini.

Mdogo wako,
Evert

Lübeck, 6 Agosti

Evert mdogo wangu,

Huku wote wazima, na chapa ni yangu! Wazee wenyewe wameipiga kwenye pipa la kwanza, moto moto, na wachukuzi wakashangilia mpaka njiwa wakahama kanisani.

Sasa sikiliza. Uzi wako niliuona. Nilitamani kuufuata, nimalize, nikae. Lakini mkono ulishazoea: nikamchukua mwenye uzi, nikamgonga kwa mwenzake. Puu! Kama kupiga mto. Samaki aliyekauka hulia kama kuni, wewe unajua. Nikawagonga wote kumi. Tideke akapaza sauti, "Anachagua samaki au anatupigia ngoma?" Watu wakacheka. Wenye uzi nikawaweka kwa wabovu, wote watano.

Wakapasuliwa. Wangu walikuwa wakavu hadi mfupani. Wako, ndugu yangu, walinuka mpaka mzee mmoja akaomba kiti. Tideke akatafuta kofia yake na njia ya kutokea.

Haya, mtaalamu wa miaka ishirini na sita, nieleze.

Dada yako, mwenye chapa,
Taleke

Bergen, 30 Agosti

Dada yangu, mwenye chapa,

Shikamoo mara mbili.

Nakueleza ukweli. Mkaguzi wetu aliwapanga wale samaki mafungu mawili ghalani, akaniambia lipi zuri, nami nikasahau nikiwa bado namshukuru. Ghalani giza, na unajua hapa gatini taa wala moto haviruhusiwi ndani. Ningeweza kuwatoa mlangoni niwagonge. Nje ilikuwa mvua, na goti hili. Nikakuta paka na wanawe wamelala juu ya fungu moja. Nikasema, hilo limeshaharibika, hilo ndilo baya. Nikafunga uzi kwenye lile lingine.

Meli ilipong'oa nanga ndipo nikakumbuka kwamba paka halali penye unyevu, na hapakuwa na meli nyingine ya kukuletea onyo. Tangu siku ile hadi barua yako ilipofika sikula vizuri. Mkanda umerudi matundu mawili. Ungeniamini, leo chapa ingekuwa ya Tideke, na aliyempa ni mimi.

Jana mapipa yako ya kwanza ya unga yalishuka hapa, nanga na nyota. Niliyabingirisha mwenyewe, goti na yote. Mkaguzi akauliza ni ya nani. Nikavua ile kofia yenye manyoya ya paka nikamwambia, "Ya dada yangu. Anajua samaki kuliko mimi." Nilishamsimulia yote, basi akasema, "Hata paka wako anajua kuliko wewe."



Mdogo wako,
Evert