Sare ya Kuazima

Mjukuu wangu Achieng,

Habari za huko Eldoret? Hapa Gatwekera tuko salama. Mama yako amepona kikohozi, amerudi kuuza mboga.

Uliniuliza kwa nini mimi husimama yule chifu mstaafu akiingia kanisani.

Nikiwa msichana mdogo nilikuwa mfanyakazi wa nyumbani kwa mama mmoja Kawangware. Mengine tuyaache. Asubuhi moja tulisikia chifu huyo, wakati huo akiwa kazini, anapita ploti kwa ploti, serikali imemtuma atafute watoto walioajiriwa. Yule mama akanivalisha haraka sare ya shule ya bintiye, na chifu alipofika akamwambia, "Huyu anasoma."

Chifu akaniangalia. "Basi amechelewa," akasema, akanishika mkono, akanipeleka mpaka darasani.

Jioni yule mama alikwenda kwa chifu kudai sare. Chifu akamwuliza, "Si ulisema anasoma? Kesho atavaa nini?"

Nilihamia kwa shangazi hapa Kibera, nikasoma. Mpaka leo namshukuru Mungu kwa ajili ya mzee huyo, ndiyo maana hata magoti yakiuma nasimama.

Hivi karibuni utakuwa mwalimu, mama. Mtoto akichelewa, usimfokee kwanza. Mshike mkono, mwingize darasani.

Nyanya yako,
Atieno